Jino la Fulgensi Lililokataa Ganzi

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Gego la chini, kushoto. Siku ya nne. Shavu limevimba mpaka jicho la upande huo linafunguka nusu. Na wakati gani huu! Siku kumi na moja tu kufika sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria, na mashairi ya wimbo wa komunyo nimepewa mimi niyaimbe. Mimi peke yangu. Si Adolf.

Adolf ni jirani yangu hapa Viwanja Sitini. Mwalimu mstaafu, besi mwenzangu kwenye kwaya. Mwaka wa sita huu anayavizia mashairi yangu. Asubuhi kapita mashineni kwangu, ninakokoboa mpunga wa watu, akalitazama shavu kwa huruma iliyopitiliza. Akasema nisijali kuhusu wimbo, yeye yupo. Najua yupo. Ndilo tatizo.

Mke wangu Kandida akasema niende kwa daktari wa meno. Nikaenda. Daktari mwenyewe msichana! Anaitwa Sumayya, katoka Tanga, umri wa binti yangu wa mwisho. Kaniamkia vizuri, shikamoo baba, nikaitikia. Lakini mtu anayekupa shikamoo utamwachiaje koleo mdomoni?

Akasema kuna usaha chini ya jino. Akanichoma sindano ya ganzi. Tukasubiri. Akagusa. Nikasikia. Akachoma ya pili. Mdomo wa chini ukafa wote, mate yakanidondoka nisijue, lakini jino likabaki na uhai kuliko mimi. Akalishika na koleo, akalitikisa kidogo tu.

Yaliyofuata siyakumbuki vizuri. Nakumbuka mguu wangu na sahani ya vyuma. Nakumbuka mtu akipiga kelele nikamwonea huruma. Kumbe ni mimi.

Daktari akaacha palepale. Akasema si kosa langu. Eti usaha unaifanya nyama ya pale kuwa chachu, na dawa ya ganzi ikikutana na uchachu inakosa nguvu, haipenyi kwenye mshipa wa fahamu. Tuutibu usaha kwanza. Vidonge vya rangi mbili, mara tatu kwa siku, siku saba, nirudi Jumatatu.

Maneno ya mtu asiyejua kazi. Mashine yangu ikigoma, simwambii mteja kwamba mpunga wake ni mchachu.

Nilipotoka, nani yuko kwenye benchi? Adolf! Kashika shavu lake mwenyewe. Amesikia yote.

Jumanne, 5 Agosti

Adolf kang'olewa jino jana hiyohiyo. Kiti hichohicho. Sindano moja. Hakusikia kitu.

Najua kwa sababu kaja mashineni kuwasimulia kina mama wote waliokuja na viroba vya mpunga. Akawaonyesha pengo. Akawaambia sindano ilikuwa kung'atwa na mbu tu. Kisha akaongeza kwamba mimi nilimwita mama yangu mara tatu. Uongo! Mara mbili.

Nikawaeleza kwamba damu yangu ni nzito, dawa ndogondogo haziigusi. Mama mmoja akauliza mbona pombe ya komoni inaigusa. Wakacheka. Nikawasha mashine nisiwasikie.

Nimewaza siku nzima. Kiti kimoja, daktari mmoja, dawa moja. Yeye ganzi, mimi moto. Haiwezekani. Sindano yangu ilikuwa maji. Ile nzuri alitunziwa mwalimu. Katika mji huu kila mtu kapita darasani kwake, na wengine bado wanamwogopa.

Nimeandika barua. Kali. Nimeeleza wizi wa ganzi, upendeleo, na utoto wa daktari. Nimesaini "Mwananchi Mwenye Uchungu". Jioni nimeitumbukiza kwenye sanduku la maoni pale kliniki. Jina halimo, hakuna atakayejua.

Jumatano, 6 Agosti

Ile karatasi niliichana kwenye kitabu cha risiti cha mashine! Juu imepigwa chapa: FULGENSI, MASHINE YA KUKOBOA NA KUSAGA, VIWANJA SITINI. Na namba za simu. Zote mbili.

Nimekimbilia kliniki na kipande cha waya. Nimekiingiza sandukuni. Nikainasa barua, ikaponyoka, nikainasa tena. Mlinzi akasimama nyuma yangu akauliza nafanya nini, barua ikaangukia tena ndani. Nikasema naweka maoni. Akauliza, kwa waya? Nikasema kalamu nimesahau. Akaniletea karatasi na kalamu, akasimama pale mpaka niandike. Nikaandika: "Benchi ni safi."

Jambo moja zuri. Uvimbe umepungua. Nimetumia vidonge siku mbili tu na jino limetulia. Kwa hiyo nimeacha. Vilivyobaki nimewafungulia kuku kwenye maji, wana mafua. Kandida kasema daktari alitaja siku saba. Nikamjibu siku saba ni za watu wenye damu nyepesi.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane. Wakulima wanapongezwa kwenye redio. Mimi nimeamka shavu limerudi, na ndugu zake.

Mazoezi ya kwaya yalikuwa mchana. Mdomo unafunguka upana wa vidole viwili. Nimejaribu kuimba shairi la kwanza. Mwalimu wa kwaya akanisikiliza hadi mwisho, akauliza kama huo ni Kilatini. Akamwambia Adolf ajifunze mashairi, kwa tahadhari tu. Adolf akasema anayajua tayari. Akayaimba! Yote! Sopranu wakamtazama kwa namna ambayo hawajawahi kunitazama mimi.

Nikaenda moja kwa moja duka la dawa la Mudathiri. Nikamwomba kichupa cha ganzi na sindano, nijichome mwenyewe. Mkono wangu ni mzito kuliko wa yule msichana, ungefika panapotakiwa. Mudathiri akakataa. Akasema huo ndio mwanzo wa watu kuzikwa. Akanipa mafuta ya karafuu, akasisitiza tone moja kwenye pamba, basi.

Tone moja! Nimemimina nusu chupa.

Fizi imebabuka, nyeupe kabisa. Jino liko palepale, linanicheka.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimefunga mashine. Kandida alikuwa uani anachambua mchele. Nimelala kwenye mkeka karibu yake nikiguna. Hakuuliza kitu, ikabidi nimweleze mwenyewe. Nikamwambia hakuna mtu anayejua mateso haya. Kuchomwa ganzi, ukahesabiwa kwamba umekufa ganzi, kumbe unasikia kila kitu. Na watu wanacheka.

Akaacha kuchambua.

"Baba Deus," akasema, "mimi najua."

Ni habari ya gego lake lililong'olewa Mahenge, mwaka ule mwanetu Deus yuko darasa la saba. Akachomwa. Akamwambia tabibu kwamba bado anasikia. Tabibu akasema huo ni woga. Akarudia tena kwamba anasikia. Na mimi, anasema, nilikuwa nimesimama palepale.

"Ulinishika mikono. Ukaniambia nisikutie aibu mbele za watu."

Nikasema sikumbuki. Kweli sikumbuki vizuri. Nakumbuka kiti kilikuwa cha kijani. Nakumbuka alikuwa na nguvu kuliko nilivyodhani.

Tangu siku ile hajakanyaga tena kwa mtu wa meno. Analo lingine la juu, limetoboka mwaka wa nne huu, anatafunia upande mmoja. Kumbe ndiyo maana hali karanga! Mimi nilidhani hazipendi.

Nikamweleza kwa upole kwamba yake na yangu si sawa. Yeye alilia tu. Mimi nilipiga teke. Mwanamume hapigi teke bila sababu.

Akarudia kuchambua mchele uleule aliokwisha kuuchambua.

Jumatatu, 11 Agosti

Siku mbaya. Naandika nimeegemea mto.

Nilikuwa na mpango. Kama ganzi ya kliniki hainishiki, niingie nimekwisha kujitia ganzi yangu. Saa mbili asubuhi nikanywa komoni lita mbili, kwa mrija, kwa sababu mdomo haufunguki. Kandida akasema atanisindikiza, sitafika peke yangu. Alikosea. Ningefika, ila kwa kuzunguka.

Dokta Sumayya akainusa harufu kabla sijakaa. Akanitazama chini ya taya, akapabonyeza, na uso wake ukabadilika.

"Baba, vidonge ulimaliza?"

Nikasema vyote.

"Walimaliza kuku," akasema Kandida.

Daktari hakucheka. Afadhali angecheka.

"Usaha unashuka shingoni," akasema. "Ukifika kwenye njia ya hewa, tukikukimbiza Morogoro hutavuka hata Kidatu. Leo sing'oi. Leo napasua utoke. Na nakwambia mapema, ganzi itasaidia kidogo tu. Ukizidiwa, inua mkono, nitasimama."

Nikainua mkono kabla hajanigusa. Akasubiri. Nikaushusha. Akapasua.

Sitaandika nilichosikia. Nitaandika harufu tu: mtaro wa nyuma ya soko. Kisha kichwa kizima kikawa chepesi, nikapumua. Macho yalitoa maji kwa sababu ya taa.

Wakati ananifunga shashi, Kandida akauliza swali. Aliuliza taratibu, akitazama sakafu. Je, ni kweli mtu anaweza kuchomwa ganzi na bado akasikia? Hata asiye na usaha?

Daktari akaacha kazi akamgeukia.

"Kweli kabisa, mama. Wengine mshipa wao wa fahamu una tawi la pembeni ambalo sindano ya kawaida hailifikii. Wengine mwili unaimaliza dawa upesi, au aina ile haiwafai. Wengine hofu inazidisha. Wengine hatujui ni nini. Mtu akisema anasikia, ujue anasikia."

Kandida akakaa kwenye kigoda kando ya pipa la pamba. Mimi niko kwenye kiti, mdomo wazi, damu inatoka, na hakuna hata mmoja anayenitazama!

Sasa nitachomwa dawa ya usaha kila siku palepale kliniki. Hakuna vidonge. Daktari kasema kuku wangu hawataweza kupanga foleni. Kisha akavuta droo, akanipa barua yangu. Akasema siku nyingine niweke na tarehe. Na kuhusu benchi, ahsante.

Alhamisi, 14 Agosti

Limeng'oka.

Mdomo ulikwisha kufunguka tangu jana. Nilimwambia daktari mapema kwamba haitafanya kazi. Akasema tutaona pamoja. Akachoma ya kwanza mahali pa kawaida. Akachoma ya pili upande wa ulimi, akisema huenda mimi nina lile tawi. Kisha akaketi. Hakushika chochote. Akaniambia nitazame saa ya ukutani, tusubiri dakika ishirini. Akanipima na kijichuma. Hakuna. Akapima tena. Hakuna! Nikasikia kusukumwa tu, kama mtu anayehamisha kabati chumba cha pili. Akanionyesha jino kwenye sahani. Dogo. Chafu. Nilitegemea kitu kikubwa zaidi.

Sikuumia hata kidogo. Nimefedheheka. Siku kumi nimewaambia watu kwamba damu yangu haikubali ganzi, leo imekubali kirahisi mbele ya mke wangu.

Kwa hiyo mashineni nimewaeleza kwamba nimeng'olewa bila sindano. Nimeikataa mwenyewe. Nimemwambia daktari ang'oe hivyohivyo. Kina mama walinitazama kwa heshima, mpaka Adolf akauliza mbona chai inanitoka upande mmoja na sijui. Nikasema ni uvimbe. Akasema pole sana, Fulgensi. Yaani hata pole yake inakunyooshea kidole.

Daktari kakataza mambo mengi. Nisiteme mate, nisinywe cha moto, nisiimbe siku mbili hizi. Donge la damu likichomoka nitajuta.

Kesho ni Kupalizwa. Anajua nini kuhusu besi?

Ijumaa, 15 Agosti

Kanisa limejaa mpaka nje. Sare mpya nyeupe. Wakati wa komunyo nikasimama mbele kabla Adolf hajasogea. Mwalimu wa kwaya akanipa ishara ya kukaa, nikafanya sijaiona.

Shairi la kwanza lilikwenda vizuri. Vizuri sana! Nilimwona mama mmoja akifumba macho.

Shairi la pili lina noti ya chini ndefu. Nikaishuka. Kitu kikachomoka. Mdomo ukajaa uvuguvugu wenye ladha ya msumari. Nilitaka kumeza, nikakohoa. Sare nyeupe ya Adolf ikawa si nyeupe tena.

Sopranu mmoja akapiga yowe. Na Adolf? Hakurudi nyuma hata hatua. Akatoa leso, akaniwekea mdomoni, akaushika mkono wangu niibane mwenyewe, na wakati huohuo akaliendeleza shairi pale nilipoliachia. Neno lilelile! Hakupoteza hata pumzi. Akaimba la tatu na la nne akiwa na damu yangu kifuani, na watu wakalia. Paroko naye alipangusa macho.

Baada ya misa akanisindikiza kliniki kwa miguu, akinishika bega njia nzima. Ili watu wamwone. Daktari akanishona nyuzi mbili. Hakunigombeza. Akauliza tu kama wimbo ulikuwa mzuri. Adolf akajibu mimi nilianza vizuri sana. Nilianza! Neno la kuchagua!

Kandida kaifua sare ya Adolf mara tatu. Nimemwambia inatosha.

Jumatatu, 18 Agosti

Asubuhi Kandida kavaa kitenge cha kwenda misani, kajifunga na kilemba. Nikamuuliza anakwenda wapi. Akasema kliniki. Nikasema nyuzi zangu zinatolewa Ijumaa. Akasema si kwa ajili ya nyuzi zako.

Nikamfuata. Mtu atahitajika kumshika mikono, nilifikiri. Daktari akanionyesha benchi. Nikasema mimi ni mumewe. Akasema ndiyo, baba, benchi ni safi. Mlango akaurudishia nusu, nikaona na kusikia yote.

Kandida alikaa, akakishika kiti kwa mikono yote miwili. Akaeleza habari ya Mahenge. Hakunitaja jina, alisema tu "walinishika". Daktari akamsikiliza mpaka akamaliza. Akamwambia ataanza na dawa tofauti, na atasubiri hata saa nzima.

"Ukisikia chochote mama, inua mkono. Hata ukisikia kidogo. Nitaacha."

Akachoma, akasubiri, akajaribu. Mkono wa Kandida ukapanda. Haukupanda juu, kidole tu kiliachana na kiti. Daktari akaacha. Akaweka chuma chini, nikasikia kikilia kwenye sahani. Akachoma mahali pengine. Wakasubiri tena. Wakaongea habari za mchele. Akajaribu. Mkono haukupanda.

Likang'oka. Kwa kweli sikujua ni wakati gani.

Ndipo Kandida akaanza kulia. Limeshatoka! Kazi imekwisha! Alilia kwa sauti, mabega yakipanda na kushuka, na yule daktari akamwacha alie, akamshika mkono tu. Alipotoka nikamuuliza kama ameumia. Akatikisa kichwa. Nikamuuliza sasa kilio cha nini.

"Aliacha," akasema, kwa shida, shashi mdomoni. "Niliinua mkono, akaacha."

Sijaelewa. Bila shaka aliacha, angefanya nini? Na mimi niliinua mkono, hakuna aliyelia. Ndivyo alivyo mke wangu, anakuza vitu.

Kwenye benchi alikuwepo dada mmoja wa Sanje, kafunga kanga shavuni, anasubiri zamu yake. Alikuwa kamsikia Kandida na macho yamemtoka. Ilibidi nimsaidie. Nikamwambia asiogope, mimi nimepita kiti kile mara nne, sindano ile haiumi, na wanaopiga kelele mle ndani ni woga tu, ajikaze, asitie watu aibu. Akaitikia kwa kichwa. Akaitwa, akaingia.

Haikupita robo saa tukasikia sauti yake. Nikamwambia Kandida, unaona? Mwingine huyo.

Kandida akasimama. Damu bado iko kwenye shashi. Akausukuma mlango, akarudi ndani. Nimekaa benchini nusu saa nikimsubiri. Sijui alikuwa amesahau nini.